Mizinga Saba Isiyo na Asali

Mtaniwia radhi kwa kuanza bila kuwasalimu. Salamu zenu zipo, nimeziweka mwisho kwa sababu mtakayoiona, na atakayezikosa nitajua aliachia njiani.

Wiki iliyopita nilikabidhi vifaa vya ofisi: ngazi moja, mkanda wa kupandia miti, tester mbili za kupimia umeme ambazo moja ni mbovu, mkoba wa bisibisi, na ufunguo wa stoo ambao haujafungua kitu chochote tangu kufuli libadilishwe. Aliyepokea alisaini kila kitu, hata huo ufunguo. Nilipokuwa natoka mkaniambia, "Mama Kalunde, usituache hivihivi, tuandikie." Haya, naandika. Vyeo sitavizungumzia kwa kuwa havikuwa vingi, na mshahara wangu mnaujua, ndio huohuo mnaoulalamikia nyinyi.

Kazi nilifundishwa na Mzee Kanji, fundi redio mwenye asili ya Kihindi aliyekuwa na chumba kimoja cha duka karibu na soko, Tabora mjini. Alizaliwa hapahapa na Kinyamwezi chake kilikuwa safi kuliko changu, jambo lililomfurahisha mama yangu na kuniudhi mimi. Siku ya kwanza alinipa redio ya mteja niifungue. Ndani nikakuta mjusi aliyekauka, amelala juu ya transfoma.

"Mzee, kuna mjusi."

"Mzima?"

"Amekufa."

"Basi mtoe, mpe pole, endelea na kazi."

Kanuni yake ilikuwa fupi: angalia waya, kisha angalia betri, kisha mwangalie mwenye redio. Alisema redio nyingi haziharibiki zenyewe, zinaharibiwa na watu wanaozipenda kupita kiasi. Niliishika kanuni hiyo miaka yote, na hapa mbele nitawaambia siku niliyogundua kwamba ina pengo.

Kutoka kwa Mzee Kanji niliajiriwa ofisini kwetu kuhudumia redio koli za zahanati za vijijini. Nyinyi mnaijua kwa picha tu: sanduku, kipaza sauti cha kubonyeza, betri ya gari, na ukimaliza kusema unatamka "ova" ili mwenzako naye apate nafasi. Aliyeibuni hakuwahi kufika Unyamwezi. Asubuhi yangu ya kwanza mezani aliita muuguzi mmoja wa mbali, mama mtu mzima.

"Shikamoo mama, ova."

"Marahaba mwanangu. Habari za hapo, ova."

"Nzuri mama. Za huko, ova."

"Huku kwema. Mvua mmepata, ova?"

Tukapita mvua, tukapita mahindi, tukapita afya ya mama yangu na ndoa yangu ambayo ilikuwa bado. Aliposema, "Sasa mwanangu, nilichokuitia ni hiki," betri yake ikazima. Ilichukua siku mbili kujua kwamba alikuwa anataka chanjo. Nikaandika vibao vya SALAMU MWISHO, nikavituma zahanati zote, na kwa muda mrefu nikajulikana wilaya nzima kama yule msichana asiye na adabu.

Miaka ikaenda, simu za mkononi zikaja, lakini kuna vijiji zilivyoviruka. Kimoja kipo kusini ya Tura, ndani ya msitu. Wenyewe wameniomba nisikitaje jina, na mkimaliza kusoma mtaona wana haki. Kampuni za simu zilisema watu wake hawatoshi kuwekewa mnara. Ofisi ilitaka zahanati ya pale iweze kutuma picha na video kwa madaktari wa mjini, ndipo tukajenga mtandao usio na mnara. Nyinyi mnaujua, naeleza kwa ajili ya watakaokuja: visanduku saba, kila kimoja na redio ndogo, betri na kibao cha sola, vimepangwa msituni kutoka Tura, ambako intaneti ipo, hadi mlangoni pa zahanati. Kila kisanduku hupokea kutoka kwa jirani na kumpasia anayefuata. Hakuna bosi. Vikihamishwa, vinatafutana vyenyewe na kupanga njia mpya, mradi visiwe mbali mno. Video hukatwa vipande vidogo vidogo, kila kipande kinasafiri peke yake, na vyote vinaunganishwa mwisho wa safari. Kipande kikipotea hakitafutwi, kinaachwa, maana daktari hawezi kukisubiri. Ndiyo sababu sura za watu huganda midomo wazi.

Kila mgeni rasmi aliyekuja kuuona mtandao huo alisema jambo lilelile: kwamba hii ndiyo njia ya misafara ya zamani, na visanduku vyetu ni wapagazi wa leo wanaopokezana mizigo. Niliisikia hotuba hiyo mara nyingi hadi nikawa namtangulia msemaji kwa kunong'ona. Niliyaona ni maneno ya kupigiwa makofi tu.

Shida yetu ya kwanza haikuwa ya kitaalamu. Visanduku vya mwanzo viliibwa vyote, na vibao vyake vya sola nikavikuta kwa vinyozi wa vijiji vya jirani, vinaendesha mashine za kunyolea. Mmoja alinikaribisha kiti. Ndipo nikaanza kuwaza kama Mnyamwezi. Msitu wetu umejaa mizinga ya nyuki, magogo yaliyotobolewa na kutundikwa juu ya miti, mingine mwendo wa nusu siku kutoka kwa mwenyewe, na hakuna anayeigusa. Kila mrina asali ana alama yake aliyoichoma kwenye gogo kwa chuma cha moto. Alama ya mtu haiguswi hata akifa, watoto wake huirithi. Mtu anaweza kukuibia kuku mchana kweupe, lakini mzinga wenye alama ya mwenzake ataupita bila hata kuutazama mara mbili.

Nikamwagiza seremala wa Tura anichongee mizinga saba. Redio nikaziweka ndani, vibao vya sola nikavificha juu kwenye matawi. Kisha nikabuni alama: duara, na ndani yake mistari miwili iliyolala. Ilinijia upesi sana, nikajisifu kwa ubunifu, nikaichoma mwenyewe kwenye magogo yote saba. Siri hiyo tulikuwa nayo watu wawili tu, mimi na muuguzi wa zahanati, Nesi Pili. Kijiji tulikiambia picha zinapita hewani. Hakuna mzinga ulioguswa. Baadaye nyuki halisi walihamia nambari mbili, na huo ndio uliokuwa ukifanya kazi vizuri kuliko yote, ila matengenezo yake nilikuwa nayafanya huku nakimbia.

Nikienda kule nilikuwa nafikia kwa dada mmoja, Nyamizi, mke wa Kulwa. Kulwa alikuwa na pacha wake, Doto, kama majina yanavyojieleza kwetu. Wote wawili walikuwa watu wazima wenye wajukuu, warina asali kama marehemu baba yao, na walikuwa hawasemeshani. Wangekaa benchi moja, Nyamizi katikati, na mazungumzo yakaenda hivi:

"Nyamizi, mwambie huyo ng'ombe zake zimeingia kwenye tumbaku yangu tena, na kama hana macho aazime."

Nyamizi anageuka. "Shemeji, ng'ombe zimeingia kwenye tumbaku."

"Mwambie ajenge uzio, mvivu mkubwa yeye."

Nyamizi anageuka. "Anauliza habari ya uzio."

Nilikuwa nacheka hadi machozi. Nilimwambia Nyamizi kwamba yeye ni mtambo bora kuliko yangu yote saba: anapokea, anaondoa matusi, anapitisha kilicho muhimu, na mzigo unafika mwepesi. Chanzo cha ugomvi sikukiuliza. Nilisikia ni mambo ya mirathi, nikaona mirathi ya watu si kazi ya fundi.

Sasa siku yenyewe. Ilikuwa wakati wa mvua, mtandao ukakatika, nikachukua pikipiki asubuhi kutoka Tura nikiukagua mzinga mmoja mmoja. Nambari moja ipo. Nambari mbili ipo, na nyuki wake wakanisindikiza. Tatu na nne zipo. Nambari tano haipo. Nambari sita haipo. Kamba hazikukatwa, zilikuwa zimefunguliwa taratibu na kukunjwa, kama afanyavyo mwenye mali. Nikaongeza mwendo hadi kijijini, na pale zahanati nikamkuta Nesi Pili amesimama mlangoni ananisubiri.

Ndani alikuwepo Kabula, mjukuu wa Doto, mtoto wa miaka mitatu. Alikuwa amekaa mapajani kwa Nyamizi, anahema kwa taabu, na kila pumzi ilikuwa na mlio.

"Nimeanza kumtibu nimonia," Nesi Pili akaniambia kwa sauti ya chini, "lakini moyo wangu haukubali. Hana homa, Mama Kalunde. Na huo mlio sijawahi kuusikia. Namtaka daktari akione hicho kifua kinavyokwenda. Gari la wagonjwa haliji mpaka daktari aseme, na daktari hawezi kusema asichokiona. Nikikosea hapa tunampoteza."

Nikatoka mbio kutafuta mizinga yangu. Sikwenda mbali. Nambari tano ilikuwa uani kwa Kulwa, imelazwa juu ya mkeka na kifuniko wazi, majirani wanaitazama kwa mbali. Taa yake nyekundu ilikuwa inakonyeza.

"Mama fundi, usisogee hapo!" Kulwa akanionya. "Huo ni mzinga wa marehemu baba. Doto aliuficha tulipogawana. Sasa nimeukamata, mwingine kauwahi yeye kwake, na tazama alichokitia ndani ya kitu cha baba! Waya! Na jicho! Huu unakwenda kwa mtendaji."

"Umejuaje ni wa baba yako?"

"Alama hiyo hapo, nani asiyeijua?" Akaniburuza hadi stoo kwake, akanionyesha mzinga wa zamani uliopauka. Duara, na ndani yake mistari miwili iliyolala.

Nilikuwa nimepita chini ya mizinga ya mzee yule miaka nenda miaka rudi. Alama ikaniingia kichwani bila kubisha hodi, na siku niliyohitaji alama nikaitoa nikidhani ni yangu. Mzee akafariki, wanawe wakagawana mizinga yake kwa amani. Kisha kila mmoja akaanza kukutana msituni na mizinga yenye alama ya baba ambayo haikuwemo kwenye mgawanyo. Kulwa akajua Doto ni mwizi. Doto akajua Kulwa ni mwizi. Ugomvi ule niliokuwa naucheka pale benchini niliutengeneza mimi. Mzee Kanji alinifundisha kumwangalia mwenye redio, hakuniambia nimwangalie fundi.

Nilipaswa kukiri palepale. Sikukiri. Nilijiambia mtoto kwanza, na ilikuwa kweli, lakini pia niliogopa. Nilichosema ni kwamba kitu kile ni redio ya zahanati na bila hiyo daktari hamwoni Kabula. Kuirudisha mizinga kwenye miti yake kungetumaliza siku nzima. Lakini bani la Kulwa, lile jengo refu la kukaushia tumbaku, lilikuwa ukingoni mwa msitu upande wa nambari nne. Na kwa Doto, ng'ambo ya mbuga, kulikuwa na kichuguu kirefu kinachotazamana na zahanati. Mzinga mmoja ukikaa juu ya bani na mwingine juu ya kichuguu, huenda ingeonana na kuunganisha njia. Tatizo ni kwamba mzinga ni gogo, ukiuweka juu ya paa unabiringika. Lazima mtu aubebe.

"Nibebe mzinga ili niungane na Doto?" Kulwa akasema. "Nyamizi, mwambie huyu mama..."

Akageuka. Nyamizi hakuwepo, alikuwa zahanati amempakata mtoto. Kulwa akaitazama nafasi ile tupu kando yake. Kisha akaliweka gogo kichwani na kuanza kupanda ngazi.

Nikavuka mbuga kwa pikipiki. Doto nilimkuta anatoka nyumbani na nguo za mjukuu wake chini ya kwapa, na mzinga wangu nambari sita uko kwenye kiti barazani. Naye alitaka kunionyesha waya na jicho, ila mchawi wake alikuwa Kulwa. Nilipomweleza habari ya daktari hakungoja nimalize. Alipanda kichuguu na gogo kichwani kwa mwendo ambao sikuutegemea kwa umri wake. Mimi nikasimama chini na simu mkononi natazama mawimbi. Yakaja kidogo, yakapotea.

"Mwambie Kulwa ageukie kusini," nikasema.

Doto akatazama huku na huku. "Nimwambie kupitia nani?"

"Kupitia mdomo wako, baba!"

Akavuta pumzi ndefu. "KULWA! GEUKIA KUSINI!"

Jibu likaja kutoka ng'ambo: "KUSINI NI WAPI, WE MJINGA, NIMEBEBA GOGO!"

"MKONO UNAOSHIKIA PANGA!"

"MIMI NASHIKIA KUSHOTO, UMESAHAU?"

"SIJASAHAU! KUSHOTO KWAKO BASI, BWEGE WEWE!"

Matusi yalipita yote, hakuna lililoondolewa njiani. Na simu ikashika. Nikawatazama Wanyamwezi wawili wamesimama na mizigo vichwani kwenye njia ileile ya misafara, nikawaomba radhi moyoni wageni rasmi wote.

Nesi Pili akampigia daktari kwa video, nami nikajiunga, na kwenye simu yangu niliwaona wote. Daktari wa watoto kule mjini, Dokta Hamisi, kijana mpole, alianza kama alivyolelewa. "Shikamoo mama."

"Marahaba," akajibu Nyamizi. "Salamu nyingine mwisho, baba. Mtazame mtoto."

Nilitaka kulia. Lakini picha ikaganda, Nesi Pili mdomo wazi. Nikapunguza ukubwa wa picha, nikapunguza na wingi wake, nikabakiza kiasi cha kuona kifua tu. Bado. "Inua!" nikamwambia Doto, Doto akampigia kelele Kulwa, wote wakainua magogo juu ya vichwa kwa mikono iliyonyooka. Kifua cha Kabula kikaanza kwenda. Upande mmoja ulipanda na kushuka. Mwingine ulikuwa umelala tu.

"Alikuwa anakula nini ilipoanza?" daktari akauliza.

"Karanga, baba. Alicheka zikiwa mdomoni, akapaliwa."

"Hii si nimonia. Kuna karanga kwenye njia ya hewa. Msimlaze, msimpe chochote, msitie kidole mdomoni. Akae hivyohivyo mapajani. Naagiza gari sasa hivi. Na simu msikate mpaka lifike, nataka kumwona."

Doto alisikia kila neno. Machozi yalimtiririka na hakuwa na mkono wa kuyafuta. "KULWA!" akaita, sauti imemkatika. "GARI LINAKUJA!"

Gogo lililokuwa juu ya bani liliinuka zaidi kidogo.

Nikaona sasa sina pa kujificha. "Baba Doto," nikasema kutoka chini, "hiyo alama niliichoma mimi. Mizinga hiyo si ya baba yenu. Kulwa hakuficha kitu." Nikamweleza yote.

Akauliza, "Yote saba?"

"Yote saba."

"Kwa hiyo miaka miwili sijala kwa ndugu yangu kwa ajili ya redio zako?"

"Ndiyo. Nisamehe."

Akainua uso, akayarusha maneno hayo ng'ambo, sentensi baada ya sentensi.

"YUPO HAPO CHINI YAKO?" Kulwa akauliza.

"YUPO!"

"MPIGE TEKE!"

"SIWEZI, NITAANGUSHA!"

"BASI NASHUKA, NAKUJA!"

"USISHUKE! MTOTO!"

Simuni, Nyamizi alikuwa ameona mambo yanakwenda vizuri, hivyo akaanza kumsalimu daktari. Nyumbani hawajambo? Mama mzazi anaendeleaje? Mvua mmepata? Mimi niliyetuma vibao wilaya nzima nilisimama pale nikimwomba Mungu Nyamizi asifupishe hata neno moja.

Gari lilifika likiwa tope tupu. Karanga ilitolewa, na siku chache baadaye video ilipita kwenye mizinga yote saba ikimwonyesha Kabula ameketi kitandani, analia kwa nguvu anataka uji. Nililia naye. Mapacha walinikalisha katikati ya benchi, mahali pa Nyamizi, kila mmoja akanieleza anavyoniona, na mwenzake akaongeza alichosahau. Nilistahili. Walipochoka, Kulwa aliniambia nisiifute alama. Mizinga iwe ya baba, akasema, ila tu imekaa redio ndani, na wao wataitunza. Tangu siku hiyo hakuna aliyewahi kuigusa.

Hivyo mkiona mawimbi yamepungua kule, msipande mti kabla ya kupita kwao. Na chuma cha kuchomea alama kipo stoo, nyuma ya mabetri. Siku mtakayotaka alama mpya, zungukeni kwanza kijijini mkiuliza ni ya nani.

Haya. Hamjambo? Nyumbani hawajambo? Mvua mmepata? Huku kwetu kwema. Nesi Pili anawasalimu. Nyamizi anawasalimu sana na zake hazijaisha. Kabula yuko shuleni, mzima, karanga hataki kuzisikia, naye anawaamkia. Kulwa na Doto wanawasalimu, kila mmoja kwa mdomo wake.